Usukani Ulio Mbali

Gari la rimoti likikupa mgongo, kushoto kwake ni kushoto kwako. Ukibonyeza kushoto linakwenda kushoto, na mtoto wa miaka mitano anaweza kudhani ameshahitimu udereva. Kisha gari linafika mwisho wa baraza, linageuka, linaanza kurudi. Hapo ndipo kazi inapoanza. Ukibonyeza kushoto, gari linalokujia linapinda kulia kwako. Unataka kulirekebisha, unazidi kubonyeza, nalo linazidi kupotea mpaka linaingia uvunguni mwa kiti au linagonga ukuta. Rimoti haijaharibika, wala gari halina ukaidi. Limeambiwa kushoto, likaenda kushoto kwake.

Kila aliyewahi kushika rimoti amepitia hapo. Wapo wanaojaribu kukariri: likienda, kushoto ni kushoto, likirudi, kushoto ni kulia. Kanuni hiyo inafaa kwa mwendo wa polepole, lakini gari likishika kasi hakuna anayepata nafasi ya kuikumbuka. Njia inayodumu ni moja tu. Dereva anaacha kulitazama gari kutoka pale aliposimama, anaingia ndani yake kwa mawazo, anakaa kwenye kiti kisichokuwapo na kutazama linakotazama. Watoto wengi huanza kwa kuupinda mwili mzima, wakaligeuzia gari mgongo huku wamelikodolea macho juu ya bega. Baadaye mwili unatulia, kinachogeuka ni fikra peke yake.

Naamini somo hilo ni kubwa kuliko bei ya kichezeo chenyewe. Anayeongoza kwa mbali hana budi kuhamia, kwa mawazo yake, pale alipo yule anayeongozwa. Asipohamia, atatoa amri zilizo sahihi machoni pake na zenye madhara kule zinakopokelewa, na kila akijitahidi kurekebisha ataongeza hasara.

Watoto wa Afrika Mashariki walikuwa wakiongoza magari kwa mbali hata kabla rimoti hazijajaa madukani. Nazungumzia gari la waya. Waya wa seng'enge au wa uzio uliotupwa unanyooshwa kwa jiwe, unapindwa kwa koleo, na asiye na koleo anatumia mwanya wa mlango au vidole vyake. Fremu inafungwa kwenye maungio kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Magurudumu yanakatwa kutoka kwenye ndala iliyochakaa, au yanatokana na makopo ya dawa ya viatu, au na visoda vilivyotobolewa katikati. Kutoka kwenye ekseli ya mbele unapanda waya mrefu hadi usawa wa kifua cha mtoto, na ncha yake imepindwa duara: huo ndio usukani. Mtoto anasukuma akikimbia nyuma yake, injini ikinguruma mdomoni, gia zikibadilishwa kooni.

Kazi ya ule waya mrefu si kupeleka amri chini tu. Unaleta pia habari juu. Gurudumu likikanyaga kokoto, kiganja kinajua. Mchanga ukiwa mzito, mkono unauhisi kabla jicho halijauona. Ekseli ikianza kulegea, usukani unacheza ovyo, na dereva anasimama kukaza kabla gari halijamvunjikia. Mtoto huyo yuko mbali na magurudumu kwa kimo chake tu, na bado ana waya wa kumwambia kila linalotokea kule.

Redio ilikuja kuukata waya huo. Mwaka 1898, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo ya chuma ndani ya tangi la maji. Ilikwenda, ikageuka na kuwasha taa zake bila kuguswa na mtu wala kamba. Hati ya hataza ya uvumbuzi huo, namba 613,809, ilitolewa Novemba 8 mwaka huohuo. Hata hivyo ilipita miaka mingi ndipo ufundi huo ukaingia kwenye gari la kuchezea la kuuzwa dukani, kwa sababu redio za zamani zilikuwa kubwa, nzito na zenye njaa ya umeme. Transista ilipozipunguza, mlango ukafunguka. Mwaka 1966 kampuni ya Italia iitwayo Elettronica Giocattoli ilitoa Ferrari 250 LM iliyopunguzwa mara 12. Miaka 10 baadaye, kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ambayo mwaka 1946 ilikuwa imeanza kama biashara ya kupasua mbao, ikatoa Porsche 934 kwa kipimo hichohicho. Mafundi wa Tamiya hawakuridhika na picha wala vipimo vya nje. Walipata Porsche 911 ya kweli wakaifungua kipande kwa kipande ili wajue ndani kuna nini. Waliotaka kutengeneza kidogo walianza kwa kukijua kikubwa kwa mikono yao.

Lakini katika magari hayo mawimbi yalikwenda upande mmoja. Rimoti inasema, gari linasikia, basi. Siku hizi yapo magari ya gharama yanayomrudishia dereva habari za betri na joto la mota. Hata hayo hayamrudishii kokoto kiganjani. Dereva amebaki na macho yake, na pale macho yasipofika hana kitu.

Mpwa wangu aliletewa gari la namna hiyo, la bei ya chini, jekundu, lenye antena nyembamba mgongoni. Baada ya muda likaacha kukata kona ya kulia. Tulikwenda nalo kwa fundi wa redio mtaani, kwenye kibanda kilichojaa spika zisizo na maboksi na rimoti zisizo na televisheni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Gari limepata ajali?"

"Linakataa kwenda kulia."

"Rimoti yake mmekuja nayo?"

Mtoto akampa, huku akishangaa kwa nini fundi hajaligusa gari kwanza. Fundi akafungua skrubu za rimoti kwa bisibisi ndogo, akainyanyua saketi na kuiinamisha kwenye mwanga. Chini ya kitufe cha kulia, pale kipande cha bati kinapotakiwa kugusana na kingine, palikuwa na utando mweusi unaonata. Ilikuwa soda iliyomwagika ikakauka na kushika vumbi. Akachovya pamba kwenye spiriti, akafuta, akapuliza, akabonyeza. Gari likapinda kulia juu ya meza.

"Gari lako zima," alimwambia. "Amri ndiyo ilikuwa haitoki."

Nimelifikiria sana neno lile la fundi, maana sote tulikuwa tumelilaumu gari. Lenyewe halikuwa na namna ya kujitetea. Lingekuwa gari la waya, mkono wa mtoto ungejua mara moja kasoro iko upande gani.

Ndani ya magari mengi ya bei ndogo kulikuwa na chipu mbili zinazoendana, TX-2 kwenye rimoti na RX-2 kwenye gari, na mazungumzo yao yanastahili kuelezwa. Kila amri inaanza na mapigo 4 marefu, mfano wa kubisha hodi. Kisha yanafuata mapigo mafupi, na gari linahesabu. Yakiwa 10, linakwenda mbele. Yakiwa 40, linarudi nyuma. Yakiwa 58, kushoto. Yakiwa 64, kulia. Hakuna hesabu ya kulia kidogo. Hakuna ya kwenda mbele taratibu kwa sababu kuna mtoto anatambaa. Magurudumu yanapinda mpaka mwisho au hayapindi kabisa, mota inavuta kwa nguvu zake zote au imelala.

Mtoto mwenye gari kama hilo anagundua mwenyewe dawa yake. Anajifunza kudonoadonoa kitufe, akigusa na kuachia upesi, mpaka amri nyingi fupi zinazaa kona laini ambayo chipu haikuijua. Rimoti za gharama zina utaratibu mwingine: ukizungusha usukani wake nusu, na magurudumu yanapinda nusu. Nimeziona zote mbili mikononi mwa watoto, na sina shaka kwamba yule mwenye ya bei ndogo anajifunza jambo la thamani. Amepewa chombo kisichojua kiasi, na kiasi kikabidi kitoke kwake.

Gari likipungua umbo, wakati nao unabadilika. Mwaka 1999 kampuni ya Kyosho ya Japani ilitoa magari ya Mini-Z, yaliyopunguzwa mara 28, yanayotumia betri 4 nyembamba. Mwaka 2001 Tomy, pia ya Japani, ikashuka chini zaidi kwa Bit Char-G, gari linaloenea kiganjani, linalochajiwa juu ya rimoti yake kwa muda wa kama dakika moja kisha likakimbia dakika chache. Mtu angedhani gari dogo ni rahisi kuendesha. Hesabu inasema vingine. Gari la kweli la mita 4.4 likipunguzwa mara 28 linabaki sentimita 16 hivi. Tuseme linakimbia kilomita 20 kwa saa, yaani zaidi ya mita 5 kwa sekunde. Mwanadamu anachukua kama moja ya tano ya sekunde tangu aone jambo mpaka kidole kijibu. Katika muda huo gari dogo limekwisha kwenda mita moja na zaidi, sawa na urefu wake mara 7. Gari kubwa linalokwenda kilomita 100 kwa saa barabarani, kwa muda huohuo, linasogea kama urefu wake mara moja na robo.

Tena nguvu ya uvutano haikupunguzwa pamoja na bati. Gari la kipimo hicho likibiruka, kuanguka kwake kunakwisha mara 5 upesi kuliko kwa gari kubwa. Ndiyo maana watengenezaji wa filamu wanaotumia magari madogo badala ya makubwa huyapiga picha kwa kasi, kisha wakazipunguza mwendo wakati wa kuonyesha. Bila hivyo jicho lingeushtukia udogo. Kwa hiyo dereva wa gari dogo haruhusiwi kuishi pale gari lilipo. Anaitazama kona ambayo bado haijafika. Akisubiri aone kosa ndipo arekebishe, atarekebisha gari lililokwisha kupinduka. Kinachoongozwa kikiwa kidogo na chepesi, kosa la mkubwa wake linakifikia upesi zaidi na kukiacha bila nafasi ya kujiokoa.

Yako pia mambo ya jirani. Zama za masafa ya megahezi 27, rimoti mbili zenye chaneli moja zilivurugana: ukibonyeza yako, gari la mwenzako linashtuka. Washindani walikuwa na vipande vya kristali vya rangi sita, kahawia, nyekundu, chungwa, njano, kijani na buluu, na kila rangi ilikuwa chaneli yake. Kwenye viwanja vya klabu kulikuwa na ubao wa vibanio vya kuonyesha chaneli zinazotumika. Kabla ya kuwasha rimoti ulitazama ubaoni kama chaneli yako ina mtu. Ikiwa na mtu, ulingoja, hata kama gari lako lilikuwa tayari na betri imejaa. Leo kila rimoti ya gigahezi 2.4 inatambulishana na gari lake kwa namba maalumu, na watu wengi wanakimbiza magari kwa pamoja bila kuulizana. Ni nafuu kubwa. Hata hivyo ule ubao ulikuwa unawafundisha vijana jambo ambalo mashine sasa inalifanya kwa niaba yao: kwamba hewa ni ya wote, na kwamba amri yako inaweza kumfikia usiyemkusudia.

Binadamu alipopeleka magari ya kuongozwa kwa mbali nje ya dunia, ndipo ilipoonekana wazi macho peke yake hayatoshi. Novemba 17, 1970, chombo cha Wasovieti kiliteremsha mwezini gari la magurudumu 8 liitwalo Lunokhod 1. Waliokuwa wakiliendesha, timu ya watu watano, walikaa chini huku Crimea mbele ya skrini. Mawimbi yalichukua sekunde mbili na nusu hivi kwenda na kurudi, na picha hazikuwa za mfululizo: zilifika moja moja, kila moja ikionyesha mahali ambapo gari limeshapita. Kwa namna hiyo walilitembeza kilomita 10 hivi. Julai 1997, Sojourner ya Wamarekani, ya kilo 10.6 na urefu wa sentimita 65, ukubwa ambao mtoto angeukumbatia, ikashuka Mirihi. Huko amri inasafiri kwa dakika 3 hadi 22, kufuatana na umbali wa sayari hizo mbili. Hakuna kidole kinachoweza kuokoa gari kwa ucheleweshaji huo. Wahandisi wakafanya jambo la busara: waliiambia Sojourner pa kwenda, wakaipa leza za kuona mawe na uwezo wa kuyakwepa yenyewe.

Nalipenda tukio hilo kuliko mengine yote katika historia ya magari haya. Wataalamu wenye kila kifaa walikiri kwamba wakiwa mbali kiasi kile hawastahili kuamua kila kona. Wakakabidhi sehemu ya uamuzi kwa aliyeko kwenye mawe.

Historia ina upande mwingine pia, nao unatisha. Katika hati yake ya mwaka 1898 Tesla alieleza matumaini kwamba silaha za kuongozwa kwa mbali, kwa ukali wake usio na mipaka, zingeyafanya mataifa yaache vita. Matumaini hayo hayakutimia. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Siku hizi inaua, kwa ndege zisizo na rubani, kutoka chumba kilicho nchi nyingine. Inaweza pia kumuua asiyekuwa nyoka, maana mkono ulioishika hauhisi ulichogusa. Kwa upande wa pili, mwaka 2011 nchini Afghanistan, kikosi cha askari wa Marekani kilikuwa na gari la rimoti la kuchezea ambalo mmoja wao alitumiwa na kaka yake kutoka nyumbani. Walilitanguliza njiani. Likagusa waya wa mtego, bomu likalipuka, na askari 6 waliokuwa wakilifuata wakapona. Ufundi ni uleule mmoja. Tofauti iko kwa aliyeshika rimoti: amelituma gari likaone kwa niaba yake, au amelituma ili yeye asione.

Hapa kwetu wengi tumekuwa waongozaji wa mbali bila kujua. Mama aliye kazini Muscat anamlea mwanawe wa Unguja kwa simu. Anapanga masomo, chakula na saa ya kulala, na fedha anatuma kila mwezi. Anastahili heshima, maana amejinyima mengi. Lakini anayefaulu ni yule ambaye kabla ya kuagiza huuliza: "Leo bibi amelalaje? Njia ya shule bado ina maji?" Huyo amejiwekea waya wa kuleta habari. Vivyo hivyo kwa mwenye kampuni anayesimamia shamba kutoka mjini, na kwa ofisi ya makao makuu inayopeleka waraka mmoja kwa shule yenye madawati na shule yenye mikeka. Walimu wa shule ya mikeka wakishindwa kuutekeleza, wanaitwa wazembe, ilhali hakuna aliyefungua rimoti kwanza.

Basi nina ombi kwa wazazi na walezi. Magari ya rimoti ni mazuri, wanunulieni watoto mkiwa na uwezo. Lakini kabla ya hapo tafuteni waya, koleo na ndala iliyokatika mkanda, mkae nao chini mtengeneze gari la kusukuma. Wacheni walikimbize kwenye mchanga, kwenye kokoto na kwenye matope mpaka mikono yao ijue tofauti. Mtoto aliyeanza na waya, akija kupewa rimoti, na akija kupewa watu wa kuwaongoza, atajua kwamba kuna habari haimfikii, na ataifuata huko iliko.